Nani Akuze Uso wa Bi Barke

Nimekaa dakani, mgongo kwenye mlango,
bisibisi sikioni.
Ndani pazia limeshushwa. Kanda ni ya kupamba,
ya mwaka themanini na nane,
na kanda ya kupamba haitazamwi na mwanamume,
hata yule aliyefunga nyaya zake.

Vyombo ni vitatu juu ya meza ya marehemu:
deki, ampli, na televisheni ya inchi hamsini na tano
iliyopanda mkokoteni kutoka gatini hadi Mkomani,
imefunikwa blanketi kama mgonjwa.
Na vyote vitatu vinadai kuijua kazi moja,
kuchukua picha ndogo na kuifanya kubwa.

Mistari mia tano sabini na sita iliingia kamerani siku ile.
Kioo hiki kinataka elfu mbili mia moja na sitini.
Iliyopungua nani anayo? Hakuna.
Inabuniwa. Kitone kinawatazama jirani zake
kinakisia rangi ya katikati,
hivyo hivyo, hadi uso ujae.
Nani nimwamini kukisia?

Jana niliwaachia wote. Deki ikakuza nusu ya njia,
ampli ikapokea ikalainisha, televisheni ikamalizia na ya kwake,
na Bi Barke akapiga ukelele kitini:
"Mumenipaka nta! Huyu mshumaa, si biharusi!"
Dada yake akaanza, "Manahodha wengi…"
akaiacha hapo. Mji mzima unajua chombo kilikwenda vipi.

Leo ni mmoja mmoja. Mkono wangu ni Swabra, mjukuu.
Namwambia kupitia ufa wa mlango:
"Deki ikuze. Wengine wapitishe tu, wasiguse."
Kitufe. Kisha kicheko cha wanawake saba.
"Nini?"
"Hina, fundi. Kila ua lina ukingo mweupe,
kama limekatwa kwa mkasi likabandikwa."
Basi. Izime.

"Ampli."
Nilikuwa na tamaa nayo, sifichi. Niliiuza mimi,
na kitabu chake kinajisifu kurasa nne.
Muda unapita. Punda anapita na mchanga, nakunja miguu.
Halafu sauti ya Bi Barke, ya chini:
"Hapa kidevuni palikuwa na shimo la tetekuwanga.
Mamangu alilipaka poda akashindwa.
Liko wapi?"
Swabra anasema halipo. Ngozi safi,
kama ya mtoto wa kopo la maziwa.
"Mato ni yangu. Kidevu cha nani?"

Sina jibu. Mashine imeona shimo
ikadhani ni uchafu wa kanda.
Haikukusudia uongo. Ilifagia.

"Haya. Deki itoe picha ndogo kama ilivyo.
Ampli ishike sauti, ndiyo kazi yake.
Televisheni ikuze, na pale pa kuondoa chenga
weka sifuri."
Nasikia vigelegele vya kanda, vimechakaa,
vya wanawake ambao wengine tumekwisha wasindikiza makaburini.
Ndani hakuna anayecheka.
"Swabra, mnaona nini?"
Kimya.
"Kuna chenga?"
"Zipo kidogo. Kwenye kitambaa cha nyuma."
"Na uso?"

Anayejibu ni Bi Barke, na hasemi na mimi:
"Hilo hapo. Lioneni. Shimo langu."
Kisha, baada ya kitambo:
"Ila nilikuwa mwembamba kuliko hivi."

Nikajipiga paji. Picha ya zamani ni nne kwa tatu,
kioo kimeivuta ubavuni ili kijae.
"Swabra, rudisha upana wake."
"Pande zote mbili zimekuwa nyeusi, fundi."
"Ziache. Hapo hakuna anayekisia."

Mkono ukatoa kikombe cha kahawa mlangoni.
Nikakunja nyaya zilizobaki, nikahesabu skrubu,
moja sikuiona.
Hadi leo sijui shimo lile
liko kulia au kushoto.